Usukani wa Pikapu ya Ahmadi

Soweto, Mbeya
Jumatano

Kaka Ezekiel,

Mvua zimeanza huku, na viazi vya mama vimeota vizuri. Mimi nimefungua gereji yangu.

Jana Ahmadi aliniletea ile pikapu uliyoiinua kwa springi ndefu na matairi makubwa. Tangu ajali ya Makongolosi iliyomvunja dereva wake mguu, amebadilisha pampu tatu za usukani, na bado unakuwa mgumu kwenye kona. Nikaipiga jeki, nikazungusha usukani mpaka mwisho. Hapo chuma ulichochomelea ulipoiinua kinabana paipu ya mafuta ya usukani.

"Nani alichomelea hapa?" Ahmadi akauliza.

"Kaka yangu."

Baada ya ajali ile, wewe uliapa mbele ya baba kwamba ni mimi niliyesahau kukaza nati ya usukani. Baba akafa hataki hata kuniona.

Ahmadi anakuja kwako Iringa Jumamosi, pamoja na polisi. Mama amenisihi nikupigie simu nikuonye. Nimemwambia nitakuandikia, na kweli nimeandika. Barua hii nitaipakia kwenye basi la Jumatatu.

Mdogo wako,
Kalista