Amesema Amechoka

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa kituo cha polisi kutafsiri, kabla sijamaliza chai. Mtuhumiwa ni wa kwetu, lugha ya hapa haijui hata ya kuombea maji. Fundi kufuli. Duka alilolibadilishia vitasa limeibiwa, mlinzi kapasuliwa kichwa, na mlango haukuvunjwa — basi nani mwingine?

Chumba kidogo, feni mbovu. Mpelelezi ni yule tunayemwita Bwana Taratibu, maana hapandishi sauti kamwe. Kamsomea haki zake, nami nikatafsiri neno kwa neno: una haki ya kukaa kimya, utakachosema kitatumika mahakamani, ukitaka wakili omba. Umeelewa? Nimeelewa, dada. Akaitikia na kwa kichwa.

Hajaelewa! Kule kwetu wakili huletwa hata usipoomba. Na maneno ya kituoni hayana uzito mpaka jaji mwenyewe akuhoji upya. Watu hutia saini chochote polisi wanachotaka, wapate kulala, kisha humwambia jaji ukweli. Hapa saini ni saini. Ila mkalimani haelezi sheria, ndiyo kanuni yetu ya kwanza. Mimi ni mdomo tu.

Baadaye Bwana Taratibu akatoka kupokea simu. Fundi akaniinamia: sijalala tangu juzi, dada, natia saini niwaridhishe, mbele ya jaji nitasema sikwenda huko. Mlango ukafunguliwa. Amesema nini?

Amesema amechoka, nikajibu.

Akatia saini karatasi ya kukiri kosa. Chini yake nikatia yangu, kwamba nathibitisha ameelewa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeunguza mboga. Mama kauliza nani kafa. Nikamweleza bila kutaja mtu. Akacheka — si atamwambia jaji? Nikamwambia jaji wa hapa hamhoji mtu, anakaa kama refa, anatazama mawakili wakivutana. Akaacha kucheka. Sasa huyo jaji kazi yake nini?

Wala si kwamba kule ni peponi. Mjomba alisota mahabusu mwaka mzima akimsubiri jaji alikumbuke faili lake, akatoka hana meno ya mbele. Hapa wanakufikisha mahakamani upesi. Na kule ukinyamaza jaji anakuona mwizi tayari. Hapa kimya ni ngao yako. Ngao nzuri! Ila sharti ujue kwamba umeishika. Fundi hakujua, na mimi nilijua.

Jumanne, 8 Aprili

Wakili wa Fundi, binti aliyepangiwa na mahakama, kanidaka ngazini. Mteja wake anasema alidhani ile saini si kitu. Je, aliniambia? Nikasema siruhusiwi kuzungumzia kesi nje ya mahakama. Kweli tupu. Na kichaka kizuri cha kujifichia.

Nyuma yake mke wa Fundi, mjamzito, miguu imevimba. Kanishika mikono yote miwili, akanishukuru! Eti afadhali mumewe alikuwa na mtu wa kwao mle ndani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumapili, 11 Mei

Bwana Taratibu kapiga simu. Upole mtupu. Jumatano nitaitwa kutoa ushahidi, nijibu tu kama nilivyothibitisha. Akaulizia leseni yangu ya ukalimani inaisha lini. Juni, nikasema, kana kwamba hajui.

Nikisema ukweli, nimejianika mwenyewe: niliulizwa neno, nikatoa nusu. Hakuna kituo kitakachoniita tena. Mama akasema ulimi uliponza kichwa. Kichwa cha nani, mama? Namwogopa yule mtu, na ninajichukia kwa kumwogopa.

Jumatano, 14 Mei

Korido ya mahakama, benchi la mashahidi. Naandika kwa penseli.

Asubuhi walimpitisha Fundi hapa, na pingu. Kanyoa, kavaa shati jeupe. Akaniona, uso ukamchanua. Leo ndiyo leo, dada — leo namwambia jaji mwenyewe! Askari akamsukuma mbele. Nikatazama viatu vyangu.

Wakili anasema bila karatasi ile hawana kitu. Hakuna alama za vidole, mlinzi hakuona sura. Wakiikubali, miaka kumi na minne.

Nimeshaapishwa. Wakili aliuliza: mpelelezi alipotoka, mshtakiwa alisema nini? Nikafungua mdomo — umeme ukakatika! Mashine ya kurekodi ikazima. Jaji akaahirisha kidogo, akanikataza kusema na mtu yeyote mpaka nirudi. Sisemi. Naandika.

Bwana Taratibu kapita hapa. Kaniwekea chupa ya maji pembeni, akaenda zake. Sijaigusa.

Nimejaribu kuandika jibu langu, nilione likoje. Amesema amechoka. Nimelifuta. Nimeliandika tena.

Taa zimewaka. Karani ananiita. Mlango uko wazi, Fundi namwona kizimbani, kageuka kunitafuta. Ananiitikia kwa kichwa, vilevile kama siku ile. Nimeelewa, dada.