Ramani ya Maua ya Shaba

Dilala, Kolwezi

Mdogo wangu Mechack,

Nakusalimu. Huku mvua zimekwisha, na shemeji yako Brigitte amepona malaria.

Simu zangu hupokei, basi soma. Ulipokuwa ukifundisha jiografia hapa, mimi ndiye niliyeunganisha somo lako na biolojia na kemia, ili wanafunzi wachore ramani ya maua yanayoota penye shaba. Waliipenda kazi ile kuliko mtihani wowote. Wewe ukaichukua ramani yao, ukampelekea mnunuzi wa madini huko Fungurume. Wachimbaji wake walikuja nayo mkononi, wakachimba mpaka nyumba ya nyanya yake Chancelle, mwanafunzi wetu, ikaanguka shimoni. Nyanya yule yu hai, lakini analala darasani kwetu.

Jana Chancelle aliniuliza mbele ya wenzake, "Tata, ni sisi njo tulibaonyesha fasi ya kuchimba?"

Nilimwamuru akae, badala ya kumjibu kama ni wao waliowaonyesha wachimbaji mahali pa kuchimba. Kabla ya jana sikuwahi kumnyamazisha mwanafunzi aliyeuliza vizuri.

Usinitumie pesa wala maelezo. Njoo Jumatatu, usimame mbele ya darasa, umjibu wewe.

Kaka yako,
Godefroid