Ng'ombe Asichinjwe Alhamisi

Kwa mdogo wangu Bi Mize, Bwejuu.

Assalaam alaykum warahmatullah. Kwanza niambie goti lako likoje, maana katika simu ulisikika kama mtu aliyesimama kwa mguu mmoja. Nataraji kaka yetu wa Mkunazini naye ameacha ubishi wa kupanda ngazi bila fimbo. Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya Ujerumani nimekwisha kuizoea, na wanafunzi wangu wa Kiswahili wananiogopa kama inavyopasa. Lakini akili yangu haijatulia tangu jana, na sababu ni mwanao Raya na utafiti wake wa mashimo ya angani.

Uliponipigia wiki iliyopita ulisema, "Kaka, nshamfunga ng'ombe uwani. Alhamisi tunasoma maulidi, mwanangu kaona kisichopata kuonwa." Ukanisimulia na utani wa jirani yako Bi Kazija, kwamba kama ni mashimo tu, Raya asingekwenda Ulaya, angelala chini ya paa la makuti la Bi Kazija mwenyewe akayahesabu. Nilicheka. Leo sicheki.

Nikueleze kama nilivyoelezwa. Nyota kubwa ikifa hujikunja ndani yake hata ikawa shimo jeusi, lenye mvuto ambao hata mwanga hauponyoki. Mashimo mawili yakigongana, mtikisiko wake huenea ulimwenguni kote. Sisi hatuuhisi, ila mitambo mikubwa iliyojengwa katika nchi mbalimbali huunasa. Vitabu vya zamani vinasema mtikisiko huo hufifia ukaisha, kwa sababu kinachoingia shimoni kimekwenda. Lakini wataalamu wa kwanta, yaani elimu ya vitu vidogo kupita kiasi, wanadhani ukingo wa shimo si mtupu hivyo, na kwamba kitu kinaweza kurudishwa kutoka hapo kama mwangwi. Raya alikuwa akiutafuta mwangwi huo. Mtambo mmoja ukauonyesha. Ndipo alipokupigia simu kwa furaha, nawe ukatafuta ng'ombe.

Jana alipangiwa kuutangaza mbele ya wakubwa wake. Mkataba wake unakwisha, na mkuu wake alikuwa amemwambia wazi kwamba tangazo hilo ndilo litakalompatia kazi ya kudumu. Nami nilialikwa. Nikavaa kanzu na koti, nikakaa safu ya mbele kama baba wa bibi harusi.

Mtoto akasimama, akaonyesha mchoro wa kwanza, wenye mwangwi. Watu wakaanza kunong'onezana. Kisha akaonyesha wa pili, uliotoka katika mtambo wa nchi nyingine uliokuwa ukisikiliza wakati ule ule, nao haukuwa na kitu. Alikuwa ameupata asubuhi hiyo. Mkuu wake akamshauri kwa upole aseme "huenda". Neno hilo linatosha, kila mtu hulitumia. Raya akajibu kwamba kwa sasa hana la kutangaza, akashuka. Sijapata kuona mtu akijifungia mlango wa riziki kwa sauti tulivu namna ile.

Nje nilimkemea. Nilimwuliza kwa nini amekataa neno dogo ambalo lingemwokoa, nalo si uongo.

Akaniambia, "Mjomba, baba alipopeleka kwa kadhi habari ya kuuona mwezi wa Idd peke yake, si walimrudisha? Walisema kufunga twafunga kwa shahidi mmoja, kufungua lazima wawe wawili. Na baba aliuona kwa macho yake, wala hakugombana nao. Mwangwi pengine upo. Ukisikika kwa wawili, nitasema."

Siku ile marehemu mumeo aliporudishwa, Mola amrehemu, nilikuwapo. Mchele wa mikate ya kumimina ya Idd ulikuwa umekwisha kurowekwa, na Bwejuu nzima ikala daku, ikafunga siku moja zaidi.

Kazi hakuipata. Mkuu wake amemwarifu leo asubuhi, bila hasira, na mwezi ujao anarudi nyumbani. Yeye hakulia. Aliyekaa jikoni akashindwa kumaliza chai ni mimi.

Kwa hiyo ng'ombe asichinjwe Alhamisi; barua hii naituma kwa simu ili ikuwahi. Waliokwisha kualikwa waambie siku imesogezwa, wala usitunge habari ya ugonjwa. Mnyama alishwe mpaka Raya afike, maulidi yasomwe yeye akiwapo. Ukiulizwa ameona nini, sema bado. Nenda uwanja wa ndege wewe mwenyewe, usitume mtu, na usimwulize lolote kabla hajala.

Nisalimie kaka yetu, na mwalimu wa madrasa aliyemfundisha Raya alifu kwa kijiti. Bi Kazija naye msalimie; utani wake auweke mpaka mwenyewe afike amjibu.

Ni mimi kaka yako, Othman, ambaye hadi sasa hajajua kama amkemee tena mtoto yule au amshike mkono.