Tofauti ya Saba

Kwa Raphaël Wilondja, mwalimu, aliyefariki Baraka mwezi wa Septemba 2000

Baba Solange, mwaka umetimia tangu utuache. Kipindupindu kilikuchukua kwa siku mbili, hatukupata hata nafasi ya kuagana vizuri. Nimeomba nafasi kwenye ubao wa kanisa niandike haya, maana nyumbani sina tena wa kumwambia.

Wanafunzi wako wa Fizi wanakukumbuka kwa upole wako, kwamba hukumpiga mtoto hata siku moja. Mimi nakukumbuka kwa magazeti yako ya vibonzo. Yalikuja kwa boti, yamechelewa miezi, nawe ulianza kuyasoma kutoka nyuma: vichekesho kwanza, ukicheka kabla hujatusomea, kisha ukurasa wa marafiki wa kalamu. Uliwahi kutuma jina lako huko ukajiandika kijana wa miaka kumi na tisa, wakati Solange alikuwa tayari anakimbia uani. Nilikutania mpaka ukalificha gazeti lile.

Mwisho ulibaki ukurasa wa picha mbili zinazofanana, zenye tofauti saba. Ulizungushia sita kwa penseli, ukaniletea jikoni.

"Mama Solange, mi nimeona sita. Ya saba iko yako."

Nilijua umeiona. Miaka yote ile uliniachia ya saba, nami niliitafuta mpaka ugali unaungua.

Vita vya kwanza vilipotufukuza Fizi, uliteremka hadi Baraka na sanduku la bati la magazeti kichwani. Nilinung'unika njia nzima kwamba afadhali ungebeba unga. Vikaja vita vya pili, na njaa. Ulikwenda Lulimba kwa miguu kututafutia chakula, zikapita wiki tano bila habari yako. Niliamini umekufa. Magazeti yote nikampelekea Mama Rosette, muuza mandazi, awe anafungia mandazi yake, naye akanipa unga wa muhogo.

Halafu ukarudi. Ulifungua sanduku, ukalikuta tupu.

"Batoto bamekula?" ukauliza.

Nikakujibu kwamba watoto wamekula.

"Basi, ni vizuri."

Hukuligusia tena jambo hilo mpaka unakufa, na mimi sikuwahi kukuomba msamaha. Nakuomba leo, mbele ya watu.

Ila tangu siku ile, kila asubuhi ulikwenda kwa Mama Rosette kununua andazi moja, ukimsihi akufungie kwa ukurasa wako. Ulirudi ukila taratibu, ukinyoosha karatasi ya mafuta juu ya goti. Ulipata kurasa thelathini na moja, na hakuna hadithi iliyokuwa na mwanzo na mwisho. Majirani walipokuja uliwasimulia kutoka kichwani sehemu zilizopotea, kila jioni kwa namna nyingine, na hakuna aliyelalamika.

Sasa watoto wamevuka ziwa, wako kambini upande wa Tanzania. Mimi nilibaki kwa ajili ya kaburi lako. Napika chakula cha mtu mmoja na bado kinabaki. Upweke huu sikuujua, Baba Solange, hata zile wiki tano za Lulimba haukuwa hivi.

Kati ya kurasa zako iko moja ya picha mbili, ambayo ya saba yake sikuwahi kuipata. Uliniletea tena wiki yako ya mwisho, sita zimezungushiwa, nami nikakuambia nina haraka, nitaitazama kesho. Nimeitafuta ya saba mwaka mzima. Jumapili iliyopita nikaiona: ni kifungo cha koti la mzee aliyekaa mlangoni, kitu kidogo tu. Nilichukua penseli, nikageuka nikuonyeshe. Kisha nikaiweka chini.

Tunaokukumbuka ni mimi mke wako Dorothée. Wanao Solange na Bertin, walio ng'ambo. Na dada yako Georgette wa Kilembwe, ambaye sijui kama habari hii itamfikia.

Siku zote tutakuwa nawe moyoni. Ya saba sijaizungushia, maana ndiyo ya mwisho uliyoniachia.