Niliwaambia Mimi na Mkubwa wa Halmashauri Tumepeana Ng'ombe

Mama Placida wa redio, shikamoo, huenda miaka tunalingana lakini nakupa kwa heshima ya kazi yako, naomba uniokoe kwa sababu hapa nilipo nimebanwa na mimi si mtu wa kubanwa, uliza yeyote huku Igurwa ni nani alimshika kiboko mkia pale mto Kagera akamvuta mpaka kiboko akasahau alikokuwa anakwenda. Jina langu usilitaje. Sema tu ni mtu wa makamo, mwenye yule fahali ambaye akiingia zizini lazima aingie kiubavu kwa sababu ya pembe. Shule niliishia darasa la tano, mwalimu mwenyewe alisema yaliyobaki nilikuwa nayajua.

Sasa jambo lenyewe. Kijijini hatuna zahanati, mgonjwa anabebwa kwa machela ya miti mwendo wa saa tatu mpaka barabara ya magari, kalavati ilikwenda na maji, na watoto wa darasa la kwanza na la pili wanasomea chumba kimoja wamepeana migongo. Tukakubaliana tuanze na zahanati, tukafyatua tofali tukachoma, sisi wenyeji na wafugaji na wenzetu ambao wazee wao walitoka Rwanda na Burundi, kila kaya ikatoa siku zake, mimi nilikuwa nabeba tofali kumi na nane kwa safari moja, kuta zikafika kwenye linta. Utaratibu unaujua, wananchi wanasimamisha boma, halmashauri inapaua. Yakabaki maombi tu.

Mkutanoni mwenyekiti wetu, Mzee Habumugisha, akasema tuandike muhtasari, kila mtu asaini, upitie kata. Sijui nini kilininyanyua. Nikasimama nikasema makaratasi ya nini, mkubwa wa pale halmashauri ni rafiki yangu, nilimpa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, na yeye akanipa mtamba. Wewe huenda hujui, kwetu sisi wafugaji mtu mliyepeana ng'ombe hawezi kukunyima kitu, ukilitamani shati lake atavua. Watu wakapiga makofi, muhtasari ukaachwa. Ni Speciose peke yake, mama mmoja jirani yangu ambaye hana dogo, aliyeuliza, "Huyo mtamba wake yuko wapi, mbona zizini kwako hatujamwona?" Nikamwambia yuko kwa shemeji yangu Kyerwa, kule majani ni mazuri zaidi.

Kayanga, kwenye makao ya halmashauri, nilikwenda kweli. Nilifika mpaka karibu na ofisi, nikaona watu wanaingia na mafaili kwapani na mimi nina fimbo tu, nikanywa chai nikarudi. Nikawaambia mabati yako njiani. Huo ulikuwa mwezi wa saba. Sasa mvua zimeanza, udongo wa katikati ya tofali unatoka, na kona ya chumba cha kujifungulia imebomoka.

Wiki iliyopita Ninsiima, mtoto wa dada yangu aliyeolewa hapahapa kijijini, alishikwa na uchungu. Tukambeba, mimi nikiwa mbele upande wa kulia. Alijifungulia kwenye majani kabla hatujafika barabarani, mtoto mzima, lakini mama alitoka damu mpaka midomo ikawa kama majivu, hadi leo yuko hospitali. Tulipomwinua tena akaniambia, "Mjomba, wa pili nitamzalia kwenye zahanati yako." Mama Placida, nilikaza mwendo.

Jumamosi kuna mkutano wa kumwandalia mapokezi huyo rafiki yangu, wanaamini atakuja na mabati, kina mama wanafanya mazoezi ya nyimbo, na wanasema fahali wangu ndiye atakayechinjwa. Nawaza niende Kyerwa kwa shemeji mpaka wasahau, au niseme rafiki kahamishwa mkoa, maana wakubwa huhamishwa. Lipi bora?

Mjomba, Igurwa

*

Marahaba, ndugu yangu. Pole kwa Ninsiima, na tushukuru mtoto ni mzima. Pole nyingine sina.

Jina lako nimelificha, lakini kwa ulivyojieleza hakuna mwenye redio Igurwa ambaye hajakujua mpaka dakika hii. Kwa hiyo Kyerwa isahau, na uhamisho usahau.

Watu wengi wanasimulia viboko na hakuna anayeumia. Wewe umezichukua tofali za kaya zote ukazianika mvuani. Halmashauri nayo usiitupie hata neno moja, haijui kama mna kuta, kwa sababu hakuna aliyeiambia.

Leo, kabla jua halijazama, nenda kwa mwenyekiti umwambie huna rafiki kule na hakuna ng'ombe aliyetolewa. Atakufokea, mwache amalize. Kesho mkate nyasi na majani ya migomba mfunike kuta, na wa kwanza kupanda ngazi uwe wewe. Jumamosi mkutano ufanyike bila nyimbo. Ukiri kwa kifupi, kisha muhtasari uandikwe palepale: zahanati, kalavati, darasa. Asiyejua kusaini aweke dole gumba. Muhtasari uende kwa mtendaji, uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo ufike halmashauri, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Fanyeni haraka, bajeti ya mwaka ujao inaandaliwa miezi hii, ikiwapita hii mtabeba machela mwaka mwingine mzima. Speciose awe mmoja wa wapelekaji. Wewe utafuata nyuma, faili utalibeba.

Muhuri ukishagongwa, nenda hospitali kwa Ninsiima. Mpelekee uji, umweleze ulichofanya, kisha umwambie kuta zimefunikwa na maombi yamepokelewa. Akikuuliza mabati yatafika lini, mjibu: sijui.