Punda Tunaowabebea Maji

Jumamosi, mwezi wa tisa. Jua limechomoza jekundu leo kwa moshi wa mashamba yanayochomwa, na vumbi la mtaa wetu wa Makanyagio limeniingia mpaka kwenye meno. Nimechoka, shingo inauma, lakini moyo umetulia.

Jirani yangu Mama Sabina anatunza punda wagonjwa nyuma ya nyumba yake. Punda akichubuliwa na kamba ya mkokoteni, mwenyewe anamleta, anapumzishwa mpaka apone. Punda wazee hawarudi kazini tena, wanabaki kula na kuota jua. Sisi kina mama wa kwaya tunasaidia kwa pumba, majani na mikono yetu.

Sasa kisima chake kimekauka. Wiki nzima tukitoka mazoezini tunapanga foleni bombani, kisha tunawapelekea punda maji, ndoo kichwani. Watu wanatucheka. Hapa Mpanda punda ndio wanaobeba maji, sisi tunawabebea wao! Na mimi nacheka, ila shingo haicheki. Mama Sabina alishasema maji yakishindikana atawarudisha wote kwa wenyewe, na kamba zitarudi juu ya vidonda.

Kwa hiyo jana alipokuja Baba Esta, muuza maji, mkokoteni wake wa punda umejaa madumu, tena ya bure, nilipiga vigelegele.

Mama Sabina hakupiga. Alimzunguka yule punda, akainua kamba begani. Chini yake nyama ilikuwa wazi, nzi wamejaa.

"Asante Baba Esta, ila maji haya sipokei. Niachie punda."

"Nikuachie punda, watoto wangu wale nini?"

Akageuza mkokoteni, akaondoka na madumu yake yote.

Nilimkasirikia Mama Sabina, sifichi. Punda uani wana kiu, yeye anachagua maji! Nikalala nimenuna.

Leo jioni nilikuwa mlangoni nachambua mchele, nikaona mkokoteni unakuja taratibu mno. Anayeuvuta ni Baba Esta mwenyewe, kamba begani, shati limelowa chapachapa. Punda anafuata nyuma, hana mzigo, hana haraka, kama mgeni anayesindikizwa. Watoto wa mtaa mzima wanapiga kelele: "Punda wa miguu miwili!" Akazidi kuvuta.

"Kamba hii inakata jamani," alimwambia Mama Sabina, akihema. "Kaeni naye nyie. Ila mimi sijui nitaishije."

Niliacha mchele wangu, nikamsaidia kushusha madumu. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi.

Siku zote nimeona kusaidia hapa ni kuleta pumba tu. Sikuwahi kujiuliza mwenye punda anakula nini mnyama wake akiwa amelazwa.

Kumbe ndiyo maana wengi wanawaleta wakiwa wamechelewa.

Tumekubaliana hapohapo uani. Mpaka punda apone, tutavuta mkokoteni na Baba Esta kwa zamu, kila mmoja wetu na siku yake. Awauzie maji wateja wake kama kawaida, na safari ya mwisho iishie kwa Mama Sabina. Wakitucheka, wacheke, tumeshazoea.

Nimetoka kwenye cherehani sasa hivi. Nimeshona kijimto cha vipande vya kitenge na pamba, cha kuweka chini ya ile kamba. Kesho baada ya ibada zamu ni yangu, nitakivaa mimi.

Punda akipona, nitampa yeye.