Mahali pa Kugeuzia Trekta

Kaka Ambakisye,

Trekta limekuja. Usifurahi sana. Ni lile dogo la kutembea nyuma yake, pawatila, si lile la kiti ulilolitaka ili watu wa Kawetele wakuone umekaa.

Nilikwenda na shemeji, mkeo, kulichagua Mbeya. Muuzaji akauliza shamba lina mteremko wa namna gani, nikamwonyesha kwa kiganja. Akasema, "Mzee, huo si mteremko, huo ni ukuta." La kiti akatukataza: udongo ukilowa linalala ubavu, na aliyekaa juu analala nalo. Tena linataka uwanja mpana wa kugeuzia. Uwanja tulionao ni mmoja tu, ule wa chini ya nyumba, karibu na migomba. Shemeji akanitazama, mimi nikatazama matairi. Ndipo tulipokulaza. Siku ile nani angewaza trekta? Tulitafuta mahali ambapo wabeba jeneza wasingeteleza.

Ilibidi tuchague upesi. Tangu uondoke nimelima kwangu na kwako kwa jembe, na mgongo wangu unaujua. Ulikuwa ukisema nalima kama mtu anayetafuta sindano. Mwanao Lugano ameshatamka kwamba shamba likilala msimu huu, anamhamishia mama yake Mbeya. Shemeji alimjibu kwa kifupi, "Na baba yako nimwache na nani?"

Basi tukachukua pawatila, kwa kuwa inageuka mahali padogo. Muuzaji alinifundisha. Kila kishikio kina klachi yake: ukibana ya kushoto, inakwenda kushoto. Ila ukiwa unateremka, akasisitiza, mambo yanapinduka, ukibana ya kushoto inakwenda kulia. Nikaitikia kama mtu aliyeelewa. Unanijua nikiitikia hivyo.

Jumatatu tukaiwasha. Kule juu nilikwenda vizuri, hata nikaanza kupiga mluzi. Nikateremka kuja kugeuza. Wewe ulikuwa kushoto kwangu, na shemeji amesimama kati yetu, mkono ameunyoosha kama anayezuia ng'ombe asiingie kwenye mahindi. Nikabana ya kulia ili nikuepuke. Mashine ikaja kwako. Nikabana zaidi. Shemeji akaruka pembeni, gurudumu la chuma likapanda udongo wako, ambao bado haujashuka vizuri na ndiyo maana hatujajengea kaburi, na msalaba ukaenda chini. Nilipopata akili ya kuzima injini, nilikuwa nimesimama juu yako.

Nilidhani atasema basi, nipelekeni Mbeya. Akapiga magoti, akaanza kurudishia udongo kwa mikono, akiupapasa pale gurudumu lilipochimba. Kisha akasema, na hakuwa akisema na mimi, "Si ulilitaka trekta? Haya, limekufikia."

Nikacheka, kaka. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani naye anacheka.

Hakuwa anacheka. Siku tuliyokuzika alikuwa akihangaika na chai ya wageni, hakuna aliyemwona akidondosha chozi, hata wanawake wakanong'ona. Jumatatu yalitoka yote. Nilikaa kwenye tope kando yake.

Alipomaliza akajifuta kwa kanga, udongo ukabaki shavuni. Akasema, "Shemeji, washa. Malizia."

Nikawasha, lakini sikushuka tena pale. Sasa nageuzia juu, kwenye mteremko wenyewe, mashine inanivuta kama mbuzi aliyeona majani mabichi. Kipande chote cha chini hakikulimika. Mahindi yatakuwa machache, na Lugano ataona atakapokuja. Msalaba nimeusimamisha. Umeinama kidogo upande wa migomba, shemeji kasema niuache hivyo hivyo.

Sitakudanganya kwamba msimu ujao nitaweza. Ninaloahidi ni hili: maadamu vishikio viko mikononi mwangu, gurudumu halitashuka tena kwako. Na siku mikono itakaponishinda, sitamkabidhi mashine kibarua asiyejua ulipolala. Nitaizima. Kisha nitakwenda kumsaidia shemeji kufunga mizigo yake, na kukuaga nitamwachia yeye.

Pumzika, kaka.

Mdogo wako,
Asajile